Mafundo Matatu

Karani wa masjala ya mahakama alikuwa mtu wa bara, na kila jalada alilifunga kwa uzi wa katani, mafundo matatu, akiyabana kwa ukucha wa dole gumba. Rukaiya aliyajua mafundo yale kuliko uso wa karani mwenyewe, maana kila alipofika kutoka Mbwera, mtoto mgongoni, mzee yule alizungumza ameinamia meza. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mama Mwanamina. Ngoja tutazame." Hapo hunyanyuka, hupuliza vumbi kwenye rafu zilezile, hufungua, hufunga, mwishowe husema kwa sauti ya mtu aliye msibani, "Pita Jumatatu." Mwaka wa pili huo. Mumewe Saadi amefungwa miaka saba kwa wizi wa mashine ya boti alioukana hadi mwisho, na rufaa yake haisikilizwi bila mwenendo wa kesi, maandishi yote ya shauri yaliyomo katika jalada lake.

Jumatatu hii karani hakunyanyuka. Alimtazama mtoto, kashika mguu wa meza, anapiga hatua. "Kumbe anatembea," alisema. Akavuta karatasi, akaandika taratibu kwamba jalada la Saadi lilipotea mikononi mwake yeye karani, wala halitapatikana. Akatia sahihi. "Si watakufukuza, mzee?" Rukaiya alinong'ona. "Jaji asipoambiwa limepotea, ataendelea kulingoja." Akatwaa jalada jipya, akaiweka ndani ile karatasi moja, akaandika jina la Saadi juu, akafunga mafundo matatu. "Haya, mwanangu. Sasa mumeo ana jalada."