Mchi wa Mama na Mlima Rungwe

Leo nimeyaona mapigo ya mchi wa marehemu mama kwenye karatasi ya matetemeko ya ardhi!

Tulieni niwasimulie.

Mchana nilikuwa nampangia baba sanduku lake, hapa Tukuyu. Nikatoa bunda la karatasi ndefu zenye mistari myembamba kama nywele.

Miaka ya sabini baba alilinda mashine ya wataalamu wa matetemeko chini ya Mlima Rungwe, volkano iliyolala. Tetemeko likitokea mbali, mawimbi yake hupita chini ya mlima, na yakikuta mwamba wenye joto kali hupunguza mwendo. Mashine inachora, wao wanajua huko chini kukoje.

Ila kila alfajiri sindano ya mashine iliruka. Tu, tu, tu.

"Wakasema mlima unaamka," baba akaniambia.

Kumbe yeye, kwa kuogopa mvua, alikuwa ameihamishia mashine nyuma ya jiko, pale mama anapotwangia mahindi! Akaona aibu kusema. (Baba yangu huyo.)

Siku moja mstari ukanyooka. Kesho yake, vilevile. Wataalamu wakaja mbio.

"Mbona mlima umenyamaza?"

Baba akainamisha kichwa. "Mke wangu amejifungua. Hatwangi."

Karatasi zote wakamwachia, kwao zimeharibika kwa mapigo ya mchi.

Nimekaa jioni nzima napapasa ule mstari ulionyooka. Umetulia kama Ziwa Ngozi asubuhi.

Nyie mmetunza nini cha mama zenu?

Sisi hatuna hata picha yake ya ujanani. Tuna mapigo haya, na kimya cha siku niliyozaliwa.