Siku Kaka Bahati Alipopimwa kwa Maharage

Harufu ya kitambaa kipya cha amerikani, mafuta ya cherehani na ndagala, dagaa wa ziwa letu, zilizoanikwa ng'ambo ya barabara: ndiyo baraza ya duka la Bwana Amirali, hapa Uvira. Asubuhi ile alikuwepo Bwana Amirali mwenyewe. Yusufu, mtoto wa dada yake. Baba yangu Zakaria, fundi aliyeshona nguo barazani hapo. Mama yangu Nyota, aliyekuja kumletea baba chakula. Kaka yangu Bahati, mtoto wa kwanza kwetu. Na mimi Feza, kitinda mimba, meno ya mbele yameng'oka. Wengine walikuwa wapita njia tu, ingawa majina yao pia ninayo.

Siku zile Wahindi wa Uvira walicheza kriketi kila Jumapili kwenye uwanja wa mchanga karibu na ziwa, na vijana wetu wakajifunza kwao. Mmoja anarusha mpira kuangusha vijiti vitatu, mwenzake anavilinda kwa gongo na kukimbia huku na huku ili ahesabiwe mbio; vikianguka, ametoka. Sasa walialikwa Bujumbura kwa mchezo wa siku moja, ule ambao kila upande unapiga mara moja tu na mipira ya kurusha ina kikomo. Nafasi ilibaki moja, na waliokuwa wakiitaka ni wawili, Yusufu na Bahati, wote wanaopiga na kurusha. Watu husema mshika mbili moja humponyoka, na kweli, Yusufu alipiga mpira hadi majini huku mipira yake ikichapwa ovyo. Bahati alipiga kidogo, lakini akirusha yeye, wapigaji walikauka kama samaki juani. Kaka hakuwa amewahi kuvuka mpaka. Wiki nzima hakulala vizuri. Nilimsikia akigeuka kwenye mkeka.

Bwana Amirali, aliyechagua wachezaji, alikuwa na desturi yake: mchezaji wa kazi mbili alimpima kwenye mizani ya duka. Sahani ya kulia alitia maharage kwa kila mbio alizopata kwa gongo, ya kushoto kwa kila mbio alizowaachia wengine aliporusha. Ya Yusufu ililala kulia. Ya Bahati nayo ililala kulia, lakini kidogo tu. Yusufu akaanza kucheka, "Bahati, utatuchungia mbuzi tukienda!" Hapo baba akaacha cherehani.

"Na wale wenye aliwatoa? Muntu mwenye ametoka atapiga tena? Mbio zenye angepata ziko wapi? Hauzitie pale?"

"Zakaria, unashona nguo, sasa unataka kushona na kriketi?" Bwana Amirali alisema, na baraza nzima ikacheka. Lakini alifikiri, akachota konzi ya maharage kwa kila mpigaji aliyetolewa na Bahati, akamwaga kulia. Sahani ikagonga meza, nafasi ikawa ya Bahati. Kaka aliruka, akambeba mama juujuu, mama akipiga kelele, "Weye, niteremushe, watu wananiangalia!" Maharage yale Bwana Amirali alitupatia sisi. Jioni mama aliyapika kwa mawese, tukala sifa za kaka yangu pamoja na bugali.

Kesho yake kamyo, lori la kwenda Bujumbura, iliondoka na vijana wakiimba. Haikurudi. Siku hiyohiyo vita viliingia Uvira na mpaka ukafungwa. Tulikimbia kwa miguu kuelekea Makobola, na aliyenibeba mgongoni njia nzima ni Yusufu, yule aliyebaki. Baadaye ndugu zake nao walihama, akaenda nao. Habari za Bahati zilikuja vipande vipande: mmoja alimwona Kigoma, mwingine akasema alijaribu kuvuka mto Ruzizi ili arudi kwetu, maji yakamchukua. Kwetu hakuonekana tena. Baba hakuzungumza tena habari ya mchezo hadi alipozikwa. Mama alisema mara moja tu, akipepeta mchele, "Wangemupima mubaya, ningekuwa na mutoto." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Siku hizi mjukuu wangu Esta anatazama kriketi kwenye telefone. Ananisomea hesabu: huyu gongo lake ni hivi, mrushaji yule ni vile, toa hiki kwenye kile, utajua nani bora. Hesabu ni nzuri kuliko za zamani, hakuna punje inayodondoka chini. Uwanja wetu ziwa limeumeza, na duka lina mwenye mwingine. Mimi nakaa namsikiliza Esta, nikijua kwamba baba alihesabu sawasawa.

Sikusoma sana, na kichwa kimezeeka. Wewe uliyekuwepo, au uliyesimuliwa na wazazi wako, ukiona nimekosea jina la mtu au nimetanguliza la nyuma, nisahihishe bila haya. Na pale nilipoandika kwamba Bahati hakuonekana tena, pale hasa, ninaomba niwe nimekosea.