Wazee Watatu na Theluji ya Watu

Kama kuna kitu kilichonichosha katika nyumba hii, ni mvua ya baba yangu. Sisemi mvua inayonyesha, hiyo ni ya Mungu. Nasema mvua anayoipima. Papa, ndivyo tunavyomwita, alikuwa mkuu wa stesheni ya reli, na zamani kila stesheni ilikuwa na kopo la kupimia mvua. Saa kumi na mbili asubuhi mkuu anatoka, anasoma kopo, anaandika kitabuni, anatuma habari mjini kwa simu ya waya. Treni zikapungua, kitabu kikajaa, hakuna tena aliyemwuliza, lakini papa hakuacha. Alisimika kopo lake katikati ya uwanja wangu, pale pale ambapo ningeanika nguo, na ole wake atakayelimwaga.

Angekuwa peke yake ningevumilia. Alikuwa na wenzake wawili wa reli. Mmoja ni mzee wa Kasai, zamani karani wa mizigo, mtu wa Kifaransa kilichonyooka, anayeongea kama anawasomea watoto imla. Wa pili alikuwa kondakta wa treni za mizigo za upande wa Mokambo, mpakani. Huyo hasemi. Anakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, anafumba macho, anakunywa chai yangu. Kila asubuhi watatu hao walikutana sebuleni kulinganisha mvua ya kwetu na ya mitaa ya Katuba na Ruashi, wakagombana juu ya tone moja mpaka saa tano.

Na sebule hiyo ndiyo mahali pangu pa kazi. Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani iko chini ya dirisha, meza ya kukatia iko katikati, na wazee wangu wako juu ya kila kitu. Nimewahi kumwinua mzee wa Kasai kwa heshima zote ili nitoe mkono wa blauzi ya bibi harusi chini yake. Aliniambia nisimsumbue, anahesabu.

Halafu mzee huyo huyo akagundua grupu kwenye simu. Ni watu wanaoongea Kifaransa, wengine Ulaya, wengine Kanada, ambao badala ya kutafuta kazi wanafuata dhoruba. Wanatumiana ramani, wanabishana juu ya upepo, wanapongezana kwa mawingu. Wazee wetu wakaomba kuingia, wakapokelewa. Wakatuma mvua ya Lubumbashi, watu wa kule wakarudisha mioyo myekundu. Papa alinionyesha mioyo hiyo mmoja mmoja. Mega za intaneti zilizokuwa zinaliwa zilikuwa zangu, lakini nani angeniuliza mimi.

Ningecheka, kama mdogo wangu, anayeniita yaya, dada mkubwa, asingekuwa amekwenda kukaa kule kule kwenye dhoruba. Aliolewa, wakahamia mji mmoja wa bandari kwenye pwani ya Kanada, yeye na mume wake dereva wa magari makubwa, na binti yao wa miaka miwili. Tangu siku hiyo wazee waliacha mvua, wakaingia kwenye theluji. Hawajawahi kuigusa hata mara moja, lakini uwasikie wakiijadili: hii ni nzito, hii ni kavu, hii itashika. Katika grupu walimpata mzungu mmoja, mwalimu mstaafu wa mji ule ule, ambaye kila saa anatoka nje na rula kupima theluji juu ya ubao. Papa alimpenda kama ndugu. Siku moja nikagundua kwamba amempa mtu huyo mtaa na namba ya mlango wa mdogo wangu, ati wajuane, ni majirani, mitaa mitatu tu. Niliwaka. Nilimwambia kwamba hata banda la kuku hatumwonyeshi mtu tusiyemjua. Siku mbili hatukusemeshana.

Basi ikafika Januari. Huku kwetu mvua ilikuwa inapiga mabati kila alasiri, nami nilikuwa na nguo za korali nzima za kumaliza kabla ya Jumapili. Kule baharini dhoruba ilikuwa inajikusanya. Kwa siku nne sikusikia kitu kingine. Hesabu za hali ya hewa za Waamerika zilisema dhoruba itapita mbali baharini, hesabu za Ulaya zilisema itapiga pwani, na wazee wangu wakagawanyika kama watu wa timu mbili za mpira. Papa alikuwa upande wa Ulaya. Mzee wa Kasai alikuwa upande wa Amerika, na alasiri moja aliondoka bila kuaga. Asubuhi ya tano ikajulikana kwamba itapiga pwani, na baridi kali nyuma yake. Papa alipiga makofi. Nilisimama na mkasi mkononi, nikamtazama. Binti yake na mjukuu wake wako chini ya kitu hicho, na yeye anapiga makofi kwa sababu ameshinda ubishi!

Kesho yake, saa nne asubuhi kwetu, saa kumi alfajiri kwao, mdogo wangu alipiga simu. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni, na nyumba za kule zinapashwa moto kwa umeme. Mume wake alikuwa amekwama barabarani na gari lake, mbali sana. Yeye alikuwa amevaa kila nguo aliyonayo, mtoto amemfunga kifuani kwa kitenge, na bado mtoto alikuwa anatetemeka. Simu yake ilikuwa inakaribia kuzimika.

Papa ndiye aliyeshika simu. Akamwuliza upepo unatoka upande gani. Wallahi, sikukosea kusikia. Alimwambia asogee dirishani atazame theluji inavyolala, ili waweze kujua kama kitovu cha dhoruba kimeshapita. Mzee wa Kasai alikuwa ameshashika kalamu.

Nilimnyang'anya simu. Sijawahi kumnyang'anya baba yangu kitu, lakini siku hiyo nilimnyang'anya, nikawaambia wote wanyamaze, kwa sauti ambayo wateja wangu hawaijui. Nikasema na mdogo wangu kama mama yetu angesema. Wakati wa joto alikuwa amenitumia picha akichoma samaki kwenye kibaraza cha ghorofa yao, juu ya jiko dogo la makaa kama mbabula yetu. Nikamwuliza kama bado lipo. Lipo, na makala, yale makaa, yamebaki nusu ya mfuko. Nikamwambia ayawashe pale kibarazani, angoje moshi uishe na makala yawe mekundu kabisa, aingize ndani, chumba kidogo, afunge mlango na dirisha, azibe chini ya mlango kwa nguo ili baridi isipite. Halafu azime simu, atunze nguvu iliyobaki.

Mama alifanya hivyo kila mwaka, mwezi wa sita na wa saba, baridi ya huku inapouma. Mbabula inawashwa nje, inaingia chumbani bila moshi, tunalala vizuri watoto wote. Nilikata simu, nikarudi kwenye cherehani. Nilijisikia mtu. Nikawaambia wazee, bila kugeuka, kwamba hivyo ndivyo mtu anavyosaidiwa, si kwa ramani. Nikashona mikono mitatu ya blauzi.

Kondakta ndiye aliyefungua macho. Sijui alikuwa ameliwaza jambo hilo kwa muda gani.

"Mama," akaniambia, "kule nyumba hewa inaingilia wapi?"

Nikamwambia haingii, ndiyo maana zina joto. Akatazama juu. Juu ya ukuta wetu, kati ya matofali na bati, kuna nafasi ya mkono mzima pande zote. Ninaijua, ndiyo inayoniletea vumbi kwenye vitambaa. Akasema kwamba mwaka mmoja wa baridi, kule Mokambo, vijana wake wawili walijifungia kwenye behewa la chuma na mbabula, makala mekundu, moshi hakuna. Asubuhi aliwafungulia mwenyewe. Walikuwa wamekaa tu, kama watu wanaongoja kuondoka.

Nilipiga simu. Imezimwa. Nikapiga tena. Imezimwa, kwa sababu mimi ndiye niliyesema izimwe. Nilipiga mpaka papa akanishika mkono.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alimwambia mzee wa Kasai amwandikie mwalimu wa theluji, na mzee, Mungu amsamehe, akaanza: Mheshimiwa Bwana, tunayo heshima ya kukujulisha. Nilipiga meza. Nikamwambia aandike kwamba makala yanawaka ndani, mtoto mdogo, namba ya mlango anayo, akimbie. Aliandika. Akafuta, akaandika tena, nami nilikuwa tayari kumng'oa simu na mkono pamoja.

Jibu lilikuja palepale, maana yule mzungu hakuwa amelala, alikuwa anangoja saa ya kupima. Aliandika kwamba ameshaita watu wa uokoaji lakini barabara zimezibwa, kwa hiyo anakwenda mwenyewe kwa miguu. Mitaa mitatu. Kisha akanyamaza.

Sijui mitaa mitatu ni nini kwenye theluji inayofika kiunoni. Hapa kwetu ni dakika tano, na unasalimia watu njiani. Tulikaa. Papa alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili. Kondakta alikuwa amesimama, na nikaona kwamba sikuwahi kumwona amesimama ndani ya nyumba yangu isipokuwa anapoondoka. Mimi nilikuwa nahesabu, sijui nahesabu nini, nilikuwa natoka kwenye hasira ya hawa wazee na kuingia kwenye hasira ya mkono wangu uliokuwa umeshika simu ile, na ya mdomo wangu, na ya nguo ya kuziba mlango. Kwa nini niliongeza nguo ya kuziba mlango?

Simu ililia baada ya dakika arobaini hivi. Namba ilikuwa ya mwalimu, sauti ilikuwa ya mdogo wangu. Papa aliiweka wazi tusikie wote. Mdogo wangu alikuwa ndani ya gari la uokoaji, lililofika nyuma ya trekta la kusukuma theluji. Mwalimu alikuwa amegonga mpaka jirani akamsaidia kuvunja mlango. Mdogo wangu walimkuta chini, anasikia kugonga lakini miguu haimtii. Mtoto alikuwa amelegea kifuani pake, hakulia mpaka walipomtoa kibarazani kwenye baridi. Sasa wote wawili walikuwa wanavuta hewa ya chupa. Mtoto alikuwa anaitupa barakoa, tukasikia anavyopiga kelele. Papa aliweka kiganja machoni. Kondakta akatoka nje.

Nikaomba simu. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini maneno hayakujipanga. Nikamwuliza ovyo tu kama hakuona kitu, kama hakusikia mwili unabadilika.

"Nilisikia, yaya," akasema. "Kichwa ilianza kuniuma mapema. Nilitaka kufungula dirisha. Nikakumbuka weye ulisema hapana kufungula."

Akasema tena, polepole, bila ubaya wowote.

"Kama ni papa njo alisema, ningebisha."

Nikamrudishia papa simu. Akamwuliza kama mtoto amefunikwa vizuri.