Yule Asiyechorwa Mdomo

Iko siku moja hainitoki kichwani, Neema mwanangu. Kwetu Uvira, kando ya ziwa, nilikuwa msichana mwembamba. Ndiyo, mwembamba, funga mdomo.

Kaka yangu alikuwa anasoma kwa mapadri. Akaleta kitabu cha picha kama hizi unaenda kueleza kesho huku ugenini, pale chuoni Westville: Waingereza wa zamani wanawacheka Waamerika, vile walipigana wao kwa wao juu ya utumwa. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Mimi kusoma sijui, lakini sauti je? Picha moja, wanaume wawili wanavutana shuka mpaka linapasuka. Yule mrefu nikamtolea sauti ya puani: "Nchi ni yangu, toka!" Mwenye tumbo nikamfanya chura: "Nikitoka, nani atanilimia pamba?" Watoto wa jirani wakacheka mpaka wakalala chini.

Koko wangu, mama wa mama yangu, alikuwa anachambua maharagwe. Akaja, akaweka kidole chini kabisa ya picha, penye mtu mweusi aliyefungwa mnyororo.

"Na huyu anasema nini?"

"Huyu hasemi, Koko."

"Hasemi, ao wewe ndiye hujamsemesha?"

Nikaacha mchezo katikati. Mimi! Uliza mtaa mzima kama iko siku nyingine niliuacha.

Akaniambia mama yake alivushwa ziwa letu kama mtumwa, kamba shingoni. Sikujua. Kwetu hilo neno lilimezwa, watu wasitucheke. "Unafikiri mama alikuwa kimya?" Akaanza kutembea, mzee wa watu, kama yule bwana aliyewafunga: tumbo mbele, miguu kama bata, "Haraka! Haraka!", halafu akajifanya kujikwaa. "Mama alimwiga hivyo mpaka uzeeni. Hiyo midomo yako, unafikiri uliiokota sokoni?"

Wewe pia unayo, Neema. Nimekusikia ukimwiga mchungaji wetu. Eish, Mungu atusamehe.

Kwa hiyo cheka, mwanangu, sikukatazi. Lakini tembo wakipigana, wachoraji wanachora tembo tu. Wewe tafuta nyasi. Ukiona picha ya vita, hata hivi vya kwetu ambavyo watu wa mbali wanavichora leo, muulize kwanza yule ambaye hakuchorewa mdomo. Kesho ukimfikia wa mnyororo, usimpite mbio.

Mungu akupe koo lisilokauka. Na wote waliovushwa kimya, wavuke tena kwa kelele mdomoni mwako. Amina.