Miwani Niliyoiacha Kituntu

Binti yangu wa mwisho ni rubani. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini kahawa na migomba yangu ndiyo iliyomsomesha, na sioni haya kulisema. Mwaka jana alinipigia simu. Angerusha ndege kwenye maonyesho huko mjini, na alitaka nimwone kwa macho yangu.

"Baba, beba maji, kofia, pamba za masikio na miwani yako ya mbali. Basi. Chakula kipo huku."

Chakula kipo! Mnyambo gani anakwenda kwa mwanawe mikono mitupu? Siku mbili sikutulia. Nilijaza begi, nikalimwaga, nikalijaza tena. Ndizi za kuchoma, karanga, senene wa kukaanga, wale panzi wetu, kahawa ya kutafuna niliyoifunga kwenye jani la mgomba. Begi likakataa kufunga. Nikachomoa kofia na pamba. Nikachomoa na miwani.

"Unakwenda kuoza binti au kutazama ndege?" mke wangu akauliza.

"Macho yangu yanamwona ng'ombe akiwa kilima cha pili."

"Ng'ombe gani? Juzi uliusalimia mgomba."

Alfajiri nikapanda basi pale kwetu Kituntu, Karagwe.

Uwanjani jua lilinichoma utosi, na ngurumo zikanipasua masikio. Nilikaa kwenye nyasi, nikasimama, nikakaa. Kipaza sauti kikatangaza kwamba sasa anaruka mwanamke wa Karagwe, kwa ndege yenye mkia mwekundu. Zikapanda mbili pamoja. Nilikodoa macho mpaka yakatoa machozi. Juu niliona weupe mtupu. Nikasimama tena.

"Mzee, kaa basi, unatuziba!" alisema mama mmoja nyuma yangu.

Nikageuka, nikafungua jani na kumpa kahawa. Akaiangalia, akacheka.

"Kumbe wa kwetu! Shikamoo, baba. Mimi natoka Kibingo."

"Marahaba." Kisha nikamwambia neno ambalo hata mke wangu sijawahi kumwambia. "Sioni. Yule wa mkia mwekundu ni mwanangu, na simwoni."

Akaacha kutafuna. Akashika kidole changu, akakielekeza angani.

"Huyu hapa. Anapanda. Bado anapanda. Yesu wangu, kageuka tumbo juu!"

Kidole changu kikageuka naye.

"Karudi sawa. Anashuka. Anashuka... magurudumu yamegusa chini, baba."

Ndipo nilipokaa, nikatulia kwa mara ya kwanza tangu simu ile.

Baadaye binti yangu alikuja mbio na nguo zake za kazi.

"Shikamoo, baba. Umeniona?"

"Marahaba. Nimekuona. Ulipogeuka tumbo juu nilitaka kukuchapa."

Mama wa Kibingo aliendelea kutafuna kahawa yake. Binti yangu akanitazama usoni, akatazama begi lililovimba.

"Baba, miwani iko wapi?"

Nikampa senene.