Mkaguzi wa Mapaa na Ufa Uliotembea

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa jirani yangu ni kwamba hakuwa na kichwa. Asubuhi ile nilikuwa nahamia chumba cha uani, godoro begani, nikamkuta mtu amesimama katikati ya ua. Mabega yapo, mikono ipo, na pale panapostahili kuwa na kichwa pana boksi la sabuni. Mshale uliochapishwa ubavuni mwa boksi, wa kuonyesha upande wa juu, ulielekea chini.

"Karibu, jirani," boksi likasema. "Usiogope, kichwa kimo. Tena leo kinaona vizuri kuliko jana."

Mkewe, aliyekuwa akianika nguo, hakugeuka. "Msamehe, mwanangu. Anatafuta kivuli cha kuvaa."

Mtaa mzima unamwita Mzee Paa. Kazi yake ni kukagua mapaa ya majengo makubwa, ameajiriwa na kampuni ya ukarabati. Kwa miaka ishirini na miwili aliyakagua kwa ngazi, mpaka magoti yakaanza kulia kama bawaba za mlango mkongwe. Hapo kampuni ikanunua droni, kidude kinachoruka kwa mapangaboi manne madogo, chenye kamera tumboni, naye akaambiwa abaki chini, ashike rimoti na kutazama kioo cha simu kilichobanwa juu yake. Alishukuru kama mtu aliyepewa miguu mipya.

Tatizo likawa jua. Bati hukaguliwa vyema mchana mweupe, na mchana mweupe ndio unaokiua kioo cha simu. Chuoni tulifundishwa kwamba kila kinachong'aa hurudisha mwanga unaokiangukia. Hakuna mhadhiri aliyetuambia kwamba hurudisha pia sura ya mkaguzi. Isitoshe, kadi ya kutunzia picha kampuni ilikuwa ikiahidi kuinunua tangu mwaka juzi. Kwa hiyo alichokiona Mzee Paa ndicho kilichoandikwa kwenye fomu, na fomu ikishagongwa muhuri, basi, imekuwa kweli.

Siku chache kabla sijahamia, juu ya paa la ghala la magunia, aliona ufa. Akauandika kwa mwandiko mzuri: "Ufa mweusi, mnene katikati, ncha mbili zimepinda juu." Mafundi watatu wakapanda na lami, wakashinda huko siku mbili. Siku ya pili msimamizi wao akashuka, jasho likimtiririka.

"Mzee, huo ufa uko wapi?"

"Huu hapa! Njoo utazame."

Msimamizi akainama kwenye kioo. "Sioni kitu."

"Sogea, unanizibia. Si huu? Tena umesogea. Jamani, ufa unatembea!"

Mkewe alikuwa amemletea chakula alichokisahau nyumbani. Akachungulia shavu kwa shavu, akamtazama mumewe, akarudi kwenye kioo.

"Baba Watoto, hebu cheka."

Akacheka. Ufa ukapanuka.

"Hizo ni sharubu zako."

Habari ilimtangulia ofisini. Bosi wake ni mama asiyepoteza maneno. "Alhamisi ijayo kuna paa la soko kuu," alimwambia. "Ukiniletea ufa mwingine wa usoni mwako, droni namkabidhi mtu mwingine, wewe unarudi kwenye ngazi."

"Bosi, magoti yangu..."

"Macho yako ndiyo yayaombe msamaha."

Na droni hairushwi juu ya watu, na soko hilo hufungwa kwa usafi mara moja tu kwa siku, saa sita hadi saa saba, jua likiwa utosini.

Ndiyo sababu nilimkuta ndani ya boksi. Wiki ile ua wetu uligeuka maabara. Alipandisha mwanga wa simu hadi mwisho. Simu ikapata homa ikazimika, mkewe akaikanda kwa kitambaa cha maji. Akavaa miwani ya jua. Kioo kikawa cheusi tii, mpaka alipogundua kwamba akilaza kichwa begani picha inarudi. Akatembea siku nzima kichwa upande, na fundi viatu wa nje akamwelekeza kwa mkandaji wa shingo.

Mchango wangu ulikuwa mmoja: nilimwambia shati lake jeupe nalo linajionyesha kwenye kioo, avae jeusi. Akavaa jeusi Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Jumatano jioni majirani wakaingia wakiwa wameinamisha vichwa.

"Poleni sana. Nani katutoka?"

"Hakuna," alijibu Mzee Paa. "Ni jua tu."

"Jua limemuua nani?"

Walikaa mpaka giza likaanza kuingia, wakaondoka wakinong'ona kwamba bado hajaupokea msiba.

Boksi alilipaka rangi nyeusi ndani. Kila mtu alimpa ushauri mfupi zaidi: nyoa. Hakutaka kusikia. "Sharubu hizi ndizo zilizoniposea mke."

"Uliniposa kwa mdomo, Baba Watoto," mkewe alisema. "Sharubu zilikuwa zimekaa tu hapo juu."

Alhamisi alitoka chumbani boksi likiwa kwapani, na juu ya mdomo pamebaki ngozi mpya, inang'aa kuliko bati. Mkewe alimtazama kutoka unyayo hadi utosi.

"Karibu. Unamtafuta nani?"

"Natafuta kazi yangu," alisema kwa sauti ndogo, na mkewe hakumtania tena. Alimshika kiwiko, tukaenda wote watatu.

Sokoni, Bosi alikuwa amesimama na fomu mkononi, msimamizi wa mafundi ameegemea nguzo. Mzee Paa alilipa jua kisogo, akavaa boksi, akarusha droni. Ikaenda, ikarudi, ikaenda. Kisha boksi likakohoa.

"Kuna ufa."

"Ukoje?" Bosi akauliza.

"Mweusi. Mnene katikati." Boksi likainama zaidi juu ya simu. "Ncha mbili zimepinda juu."

Msimamizi alikaa chini.

"Toa kichwa," Bosi akaamuru.

Akakitoa. Wote tukamsogelea, tukakagua juu ya mdomo wake. Hapakuwa na hata unywele mmoja. Bosi akaingiza kichwa chake ndani ya boksi kujionea, lakini simu ilikuwa imeshazimika kwa joto, na droni inashuka yenyewe kama kuku anayerudi bandani.

"Lete ngazi," alisema kutoka ndani.

"Nipande mimi," Mzee Paa akasema.

"Wewe hapana. Bado."

Msimamizi akapanda. Tulisikia nyayo zake kwenye bati, kwanza upande wa mashariki, kisha zikisogea polepole kuelekea katikati. Mzee Paa alikuwa akipapasa mahali sharubu zilipokuwa. Bosi alishika kalamu juu ya fomu. Huko juu, nyayo zikasimama.