Neno la Kurukia

Neno lenyewe nililitunga mimi, kwa ajili ya hadithi ya watoto: avisurgo. Anayelitamka huinuka ardhini na kuruka. Nililiunga kwa Kilatini, avis, yaani ndege, na surgo, yaani nainuka, nikajiona mjanja kweli kweli. Nikamsomea mama hadithi hiyo nyumbani kwake Msambweni, akacheka hadi machozi. Tangu hapo, kila magoti yalipomgomea mkekani, alisema kwa sauti, “Avisurgo!” kisha akainuka.

Jirani alimsikia ng’ambo ya ua. Wiki hiyo hiyo mjukuu wa jirani, mtoto mchanga, akashikwa na degedege, akakimbizwa hospitali.

Nilipokuja kutoka Ukunda, salamu zangu ziliitikiwa nusu nusu. Mama ni mjane, anaishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Huku kwetu vikongwe wameuawa kwa sababu ndogo kuliko hizo. Niliogopa, nami nikiogopa huwa mkali tena msemaji. Nikaenda kwa jirani nikamwaga elimu yangu yote. Si uchawi, ni Kilatini. Hiki kipande ni nainuka, hiki ni ndege.

“Ndege?” akauliza.

Nilitamani ardhi inimeze. Wengi huku huamini kwamba degedege huletwa na ndege anayepita juu ya mtoto. Nami nimetoka kumweleza, kwa kinywa changu, kwamba mama alikuwa akimwinua ndege.

Alasiri jirani akaja kwa mama, yeye na kaka yake.

“Shikamoo, mama. Tumekuja kwa heri. Tunaomba umtolee mtoto maneno mema.”

Walichotaka ni mama atie maji kinywani, ayapulize kwenye leso ya mtoto, aseme hana kinyongo. Nikamvuta mama hadi jikoni.

“Usikubali, mama. Ukipuliza, umekiri kwamba ulimroga.”

“Na nikikataa, mwanangu?”

Akarudi ukumbini, akapuliza maji. “Kama ni mimi, apoe,” akasema. “Kama si mimi, apoe vilevile.”

Baada ya siku chache mtoto akarudi, ananyonya na kucheka. Madaktari walikuwa wakimtibu malaria muda wote huo, lakini dawa yao hakuna aliyeitaja. Jirani alileta sahani ya mahamri, akambusu mama mkono.

“Mungu akuzidishie, mama. Ahsante kwa kumwachilia mjukuu wangu.”

Mama alipokea sahani, akashukuru. Jirani alipotoka tu, nikaanza kutia nguo za mama kwenye mfuko. Nikamwambia twende Ukunda sasa hivi, akakae kwangu.

Akaushika mfuko, akatoa kanga moja baada ya nyingine.

“Nikiondoka leo,” akasema, “na mtoto yule akaugua tena, watasema nini?”